Mrija wa nyongo ukiumia kwenye upasuaji: namna ya kugundua mapema na la kufanya

Aliyetolewa kibofu cha nyongo hutakiwa kila asubuhi awe na nafuu kuliko jana yake. Huo ndio mzani wa kwanza, na hauhitaji mashine. Siku ya tatu ikimkuta bado amejikunja kitandani, tumbo limejaa, hata uji haupiti, msimwambie ajikaze. Mchukulieni kuwa nyongo inavuja ndani mpaka vipimo viseme sivyo.

Mrija wa nyongo kuumia ni ajali ya upasuaji inayojulikana. Hutajwa kuwapata watu 3 hadi 5 katika kila 1000 wanaotolewa kibofu kwa njia ya matundu madogo, na wachache zaidi miongoni mwa wanaopasuliwa kwa mshono mrefu. Huweza kutokea pia katika upasuaji wa ini, wa kongosho, au wa kukata sehemu ya mfuko wa chakula kwa sababu ya vidonda na saratani. Jeraha likigunduliwa mapema na kutengenezwa na mkono uliozoea kazi hiyo, wengi hupona wakarudi kwenye shughuli zao. Hatari kubwa iko kwenye kuchelewa, na kwenye kupasuliwa mara ya pili kwa pupa.

Kinachokatwa

Ini hutengeneza nyongo kati ya nusu lita na lita moja kwa siku. Nyongo hiyo hushuka kwa mirija miwili, wa kulia na wa kushoto, inayoungana chini ya ini kuwa mrija mkuu mmoja hadi kwenye utumbo mdogo. Kibofu kinaning'inia pembeni kwa kijimrija chake, na hubeba mililita 30 hadi 50 tu. Kwa hiyo mtu aliyetolewa kibofu huishi vyema, lakini mrija mkuu ukikatwa au kubanwa, nyongo haina pa kupita.

Kwa mtu mzima mrija mkuu una upana wa milimita 6 hivi, haufikii unene wa penseli. Daktari huvuta kibofu kwenda juu ili aone kijimrija cha kukifunga klipu. Akivuta mno, au kibofu kikiwa kimevimba na kugandana na vilivyo jirani, mrija mkuu nao hunyooka ukakaa mstari mmoja na kijimrija. Macho huona kitu kimoja. Mkuu unafungwa klipu na kukatwa kwa kudhaniwa kuwa ndio mdogo, na mara nyingine unakatwa mara mbili, chini na juu, kipande kizima kikatoka pamoja na kibofu. Nyuma yake hupita mshipa wa damu wa upande wa kulia wa ini, nao huweza kwenda na mkasi huohuo.

Moto wa kifaa cha kukatia una tabia yake. Mrija ulioungua hauvuji siku hiyo. Nyama iliyokufa hukatika baada ya siku kadhaa, ndipo uvujaji uanze mgonjwa akiwa yuko nyumbani. Au haikatiki kabisa: inajikunja ikawa kovu, na baada ya miezi mrija unaziba taratibu. Ndiyo sababu kusema "wiki nzima alikuwa sawa" hakuondoi shaka.

Jeraha jepesi kuliko yote ni klipu ya kijimrija kuachia, au vijimrija vidogo sana vya kwenye kitanda cha kibofu kutoa nyongo. Mrija mkuu hapo ni mzima. Kutofautisha hili na mrija uliokatwa ni kazi ya vipimo, na matibabu yake hayafanani hata kidogo.

Kabla ya kutia sahihi

Uliza swali moja tu, lakini lisikilizie jibu: "Daktari, ukifika ndani ukaona haieleweki, utafanya nini?" Jibu zuri hutaja kusimama. Anaweza kubadilisha kutoka matundu hadi mshono mrefu, kuacha sehemu ya chini ya kibofu mahali pake, kupiga picha ya mirija kwa dawa maalumu papo hapo, au kumwita mpasuaji mwenziwe. Akikwambia "haijawahi kunitokea", uliza tena. Na mgonjwa akitoka na mshono mrefu badala ya matundu manne, jamaa wasinung'unike kuwa daktari ameshindwa. Mara nyingi huyo ndiye aliyeuona mrija kwa wakati.

Wapasuaji wenyewe wana kipimo cha usalama kilichoelezwa na Steven Strasberg na wenzake mwaka 1995. Kabla ya kukata chochote, mafuta na nyuzi zote za pembe kati ya kibofu na mrija ziwe zimesafishwa, theluthi ya chini ya kibofu iwe imebanduliwa kutoka kwenye ini, na vitu viwili tu, yaani kijimrija na mshipa wa damu wa kibofu, si vitatu, vionekane vikiingia kwenye kibofu. Hospitali yenye kamera inaweza kuhifadhi picha ya hatua hiyo. Omba ihifadhiwe.

Siku saba za kuchunga

Baada ya upasuaji wa matundu, maumivu ya bega kwa siku mbili tatu ni kawaida. Hutokana na gesi iliyojazwa tumboni, na kutembeatembea huyapunguza. Wengi huruhusiwa kesho yake, na siku ya pili wanakunywa uji, wanajamba, wanakwenda msalani wenyewe. Mshono mrefu huchukua siku nyingi zaidi, lakini mwelekeo ni uleule wa kila siku afadhali.

Nyongo inayovuja ina hila. Ikiwa bado haijaingia vijidudu, haiumizi sana kama mtu anavyodhani. Tumbo linajaa pole pole, hamu ya chakula inatoweka, kuna kwikwi na kichefuchefu, na ukilibonyeza tumbo unalikuta laini. Watu hudanganyika na ulaini huo. Homa na maumivu makali huja vijidudu vikishaingia, na hapo umeshapoteza siku.

Mrija uliofungwa klipu au kuziba una sura nyingine: macho huwa manjano, mkojo unafanana na chai ya mkandaa, choo kinakuwa cheupe kama chokaa, na mwili unawasha usiku bila upele. Macho yaangalieni mchana karibu na dirisha, kwa sababu taa ya manjano hufanya kila jicho kuwa la manjano. Mzee ambaye weupe wa macho yake umefifia kwa jua na vumbi la miaka, mwambieni anyanyue ulimi. Chini ya ulimi hapadanganyi.

Mrudisheni hospitali siku hiyohiyo, hata ikiwa Jumapili, mkiona moja ya haya:

- joto la mwili la digrii 38 au zaidi, au kutetemeka kwa baridi
- maumivu yanayoongezeka baada ya saa 48 badala ya kupungua
- tumbo kujaa, kutapika, au kutotoa upepo
- macho manjano, mkojo mweusi au choo cheupe
- majimaji ya kijani au manjano kwenye mfuko wa mpira wa kutolea maji, kwenye kidonda, au doa la rangi hiyo kwenye leso
- moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa, mkojo kuwa kidogo mno

Mpira wa kutolea maji usipotoa kitu si ushahidi kwamba hakuna uvujaji. Huenda umeziba, au ncha yake imelala mbali na nyongo ilipo.

Hapa Mombasa kosa linalorudiwa ni moja. Homa inapanda, mtu anatumwa duka la dawa, anarudi na dawa ya malaria, ya kuua vijidudu na diklofenaki ya maumivu. Homa inashuka kwa siku mbili huku tumbo likijaa. Malaria ipo Pwani, ndiyo, basi ipimwe kwa damu, lakini mtu mwenye mshono mpya apimwe na tumbo vilevile. Kwa maumivu, parasetamoli inatosha wakati mnatafuta gari: kwa mtu mzima gramu 1, isizidi gramu 4 kwa saa 24, na ikiwa macho tayari ni manjano mwulizeni daktari kwanza. Mwarubaini na dawa za mizizi za "kusafisha nyongo" ziwekeni kando, kwa sababu ini lililobanwa halina nafasi ya mzigo mwingine.

Mkifika hospitali

Anzeni pale alipopasuliwa, kwa kuwa rekodi ziko huko. Wakimrudisha nyumbani na vidonge bila kipimo chochote, nendeni Hospitali Kuu ya Rufaa na Mafunzo ya Pwani, ile ya Makadara, mkiwa na karatasi ya kuruhusiwa mkononi. Wa Likoni na Ukunda wasingoje usiku wa manane wakaanza kuwaza foleni ya feri. Barabara ya Dongo Kundu ipo kwa mwenye gari.

Semeni hivi mapokezi: "Ametolewa kibofu cha nyongo siku kadhaa zilizopita, na tunahofia nyongo inavuja." Sentensi hiyo humtoa kwenye foleni ya homa.

Vipimo vya mwanzo ni picha kamili ya damu, kazi ya ini (hasa bilirubini, ambayo ni rangi ya manjano ya nyongo, na ALP, kimeng'enya kinachopanda mirija ikibanwa), figo na chumvi za mwili, na uwezo wa damu kuganda. Altrasaundi huonyesha kama kuna maji tumboni na kama mirija ndani ya ini imetanuka. Hata hivyo, altrasaundi safi kwa mtu anayezidi kuumwa haimalizi maneno, inabidi CT skani, yaani picha ya eksirei ya kompyuta. Ikiwa mpira upo, majimaji yake yapelekwe maabara: kuanzia siku ya tatu, bilirubini ya mpira ikiwa mara 3 au zaidi ya ile ya damu, hiyo ni nyongo.

Mpangilio wa matibabu hauruki hatua. Kwanza maji ya mshipani na dawa za kuua vijidudu. Pili, nyongo iliyotuama itolewe, mara nyingi kwa mpira unaoingizwa kwa sindano chini ya altrasaundi au CT bila kupasua. Tatu, ramani: MRCP, ambayo ni picha ya mirija kwa sumaku, ionyeshe jeraha liko wapi na kama kuna mrija uliotengana kabisa, pamoja na picha ya mishipa ya damu. Nne ndiyo kutengeneza.

Uvujaji wa klipu iliyoachia hutibiwa kwa ERCP. Kamera hupitishwa mdomoni hadi kwenye utumbo, mlango wa mrija hupanuliwa kidogo na stenti, yaani kijibomba cha plastiki, huwekwa. Nyongo hufuata njia nyepesi, na tundu hujifunga lenyewe.

Mrija mkuu uliokatwa hauungwi kwa stenti. Huhitaji upasuaji mkubwa ambapo kipande cha utumbo mdogo huletwa juu na kushonwa kwenye mrija uliobaki chini ya ini. Kazi hii ni ya mpasuaji wa ini na mirija ya nyongo anayeifanya mara kwa mara. Hapa tunasisitiza bila kuona haya: aliyejeruhi asiwe ndiye mtengenezaji, hata akiwa mwungwana na mgonjwa anampenda, isipokuwa kazi hiyo ndiyo ujuzi wake. Mshono wa kwanza ndio wenye nafasi kubwa ya kushika. Ukishindwa, mrija unaobaki huwa mfupi zaidi na juu zaidi, ndani ya kovu.

Wakati nao una kanuni. Jeraha likionekana ndani ya saa 72, hakuna usaha, na mtaalamu yupo, linaweza kutengenezwa papo hapo. Ikiwa tumbo tayari lina usaha, nyongo hutolewa kwa mpira, mgonjwa hulishwa akapata nguvu, na upasuaji husubiri wiki 6 au zaidi hadi uvimbe utulie. Jamaa huona kusubiri huko ni kutelekezwa. Sivyo. Kushona nyama iliyovimba na kuoza ni sawa na kushona karatasi iliyolowa.

Safari ya rufaa

Huenda rufaa ikawa Nairobi, kilomita 480 hivi. Kabla hamjaondoka, hakikisheni hospitali ya huko imekubali kumpokea na mna jina la wodi. Chukueni ripoti ya upasuaji yenyewe, si karatasi ya kuruhusiwa peke yake, pamoja na majibu yote ya damu yakiwa na tarehe, picha za CT na MRCP kwenye CD, orodha ya dawa, na daftari la kiasi kinachotoka kwenye mpira kila siku. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 humpa mgonjwa haki ya kupata taarifa zake, hivyo ombeni kwa maandishi mkizungushwa. SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ikaguliwe kama michango imelipwa, na waulizeni ofisi ya bima ya hospitali ni kipi kinachohitaji idhini kabla ya kufanywa.

Mwenye homa, presha ya chini au anayechanganyikiwa husafiri kwa ambulensi yenye mwuguzi, si kwa basi la usiku. Aliyetulia anaweza kupanda treni Miritini, kuna choo na nafasi ya kunyoosha miguu. Mwageni mfuko wa mpira kabla ya kutoka, na ukae chini ya kiuno njia nzima.

Kuishi na mpira Mombasa

Wengi watakaa nyumbani wiki kadhaa wakiwa na mpira ubavuni. Nunueni jagi la plastiki lenye alama za mililita na daftari.

Nawa mikono kwa sabuni. Mwaga mfuko ukifika nusu, usingoje ujae kwa sababu uzito wake huvuta mpira. Pima, andika tarehe, kiasi na rangi, halafu uandike jumla ya saa 24. Kijani au manjano ya dhahabu ni nyongo. Mawingu na harufu mbaya ni vijidudu. Wekundu ni damu. Kiasi kikikatika ghafla kutoka mililita 400 hadi sufuri, usishangilie, tazama kama mpira umejikunja au umechomoka. Kusukuma maji ya chumvi ndani ya mpira ni kwa maelekezo ya mwuguzi tu, kwa maji safi ya hospitali, na usilazimishe yakigoma.

Joto la Pwani na jasho hubandua plasta. Badilisha ikilowa, kausha ngozi, na upake krimu ya zinki pale nyongo inapogusa, maana huchubua. Funga mpira mara ya pili kwa plasta chini kidogo ili ukivutwa usivute tundu lenyewe. Kuoga ni kwa kopo, kidonda kikiwa kimefunikwa. Kuogelea baharini, ufuko wa Pirates, kungoje. Wakati wa swala, kurukuu na kusujudu huvuta mpira, basi aswali ameketi.

Nyongo hutoka na maji na chumvi nyingi. Mfuko ukitoa zaidi ya mililita 500 kwa siku kwenye joto hili, mgonjwa hukauka upesi: kizunguzungu akisimama, mdomo mkavu, mkojo kidogo. Madafu ni mazuri lakini yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, kwa hiyo hayafidii kinachotoka. Mpe ORS, ile dawa ya unga wa chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, na soma pakiti, kwa sababu ziko za nusu lita na za lita moja. Ukikosa, lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mwenye ugonjwa wa figo au moyo aulize kiasi kwanza. Saumu ya Ramadhani haiwezekani katika hali hii, alipe baadaye.

Utumbo usiopata nyongo hausagi mafuta. Viazi karai, biriani na samaki wa kupaka kwa tui zito vitatoka kama vilivyoingia, na kuharisha juu yake. Samaki wa kuchoma, wali mweupe, kuku bila ngozi, ndizi na uji vitamjenga. Vitamini K nayo haifyonzwi, damu inachelewa kuganda. Fizi zikitoka damu au sindano ikiacha bonge la weusi, semeni, ataongezwa kwa sindano.

Stenti, na miaka ya mbele

Aliyewekewa stenti aandike tarehe kwenye kalenda ya ukutani, pamoja na tarehe ya kuitoa. Kwa uvujaji mdogo hutolewa baada ya wiki 4 hadi 8. Ya plastiki ikipita miezi 3 hivi huanza kuziba, na stenti iliyosahaulika ndani huleta homa kali ya mirija. Hospitali hazipigi simu kila wakati. Shikilieni wenyewe.

Baada ya kutengenezwa, kovu linaweza kubana mrija hata miaka kadhaa baadaye. Damu ya kazi ya ini ipimwe miezi 3, miezi 6, halafu kila mwaka kwa miaka 10 angalau. ALP hupanda kabla macho hayajageuka, hivyo matokeo ya zamani yasitupwe: mpimaji atalinganisha. Mrija uliobanwa na kuachwa huharibu ini lenyewe.

Kuhusu lawama: kuumia kwa mrija peke yake si ushahidi wa uzembe. Kuficha, kukataa kupima, au kukataa kutoa rufaa ni jambo jingine. Malalamiko hupelekwa kwa maandishi Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, KMPDC, na nakala za karatasi, si karatasi zenyewe.

Mwisho, kata kipande cha karatasi ngumu, kikae kwenye pochi nyuma ya kitambulisho, kiandikwe: "Niliumia mrija wa nyongo, ulitengenezwa tarehe fulani, hospitali fulani. Nikiwa na homa ya kutetemeka, pamoja na malaria nipimwe bilirubini na ALP leo leo."